Tusi la Kitabuni na Tusi la Jukwaani

Jioni hii nimerudia ile sehemu ya King Lear, tamthilia ya Shakespeare, ambapo Kent, mtu mwaminifu kwa mfalme, anamvaa Oswald, mtumishi wa binti wa mfalme, kwa matusi. Mla makombo, mwoga, mtoto wa mbwa koko, yanamiminika bila kituo. Oswald anauliza mbona anatukanwa na mtu asiyemjua. Shakespeare hakuficha neno hata moja, lakini Kent naye hakupona: anaishia kufungwa miguu kwenye mkatale. Waliomfunga ni waovu kuliko yeye, na Oswald hana la kuhurumiwa sana. Hata hivyo nimeona nani katukana, kamtukana nani, na kwa nini.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosafisha vitabu. Mwaka 2011, huko Marekani, lilitoka toleo la Huckleberry Finn, riwaya ya Mark Twain, ambamo tusi la kuwadhalilisha watu weusi, linalojitokeza zaidi ya mara 200, liliondolewa na mahali pake pakawekwa "mtumwa". Nawaelewa walimu. Kulisoma kwa sauti mbele ya mtoto ambaye tusi lenyewe linamlenga si kazi ndogo. Lakini Mark Twain anatuonyesha mvulana, Huck, aliyelelewa ndani ya neno hilo mpaka haoni ubaya wake. Ukilifuta, unayemsitiri si mtoto wa leo, ni jamii iliyomlea Huck.

Kwenye jukwaa la siasa mambo ni mengine kabisa. Bungeni angalau Spika humwamuru mtu afute kauli. "Naifuta, Mheshimiwa Spika," anasema, anakaa, wenzake wanagonga meza. Aliyetukanwa hata pole hapewi.

Kinachonitia hofu hasa ni RTLM, ile redio ya Rwanda iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1993. Ilipiga muziki mzuri, ikatania, na katikati ya utani ikawaita Watutsi mende. Neno likazoeleka masikioni, na mende hakuna anayeona dhambi kumkanyaga. Mwaka 1994 watu waliuawa kwa mamia ya maelfu. Hukumu dhidi ya waasisi wawili wa redio hiyo ilisomwa mwaka 2003 Arusha, kwenye mahakama ya kimataifa ya mauaji hayo.

Kwa hiyo kiongozi akimwita binadamu mwenzake mdudu, sitaki kuambiwa kwamba ni siasa tu, au kwamba ulimi umeteleza. Nataka aulizwe siku hiyohiyo, hadharani, na waliokuwa wakimpigia makofi.