Globu za fundi saa wa Springe

Jumamosi nilipanda treni hapa Hannover nikaenda Springe, mji mdogo alikozaliwa Heinrich Göbel mwaka 1818. Alikuwa fundi saa, na mwishoni mwa miaka ya 1840 alihamia New York na familia yake. Mhamiaji kama mimi, ila yeye aliondoka huku nilikokuja mimi. Mwaka 2004 Ujerumani ilitoa stempu ya kumuenzi kama mtu aliyetengeneza globu ya umeme kabla ya Mmarekani Thomas Edison.

Sifa hiyo ilizaliwa mahakamani. Mwaka 1892 kampuni ya Edison ilishinda rufaa kuhusu hataza ya globu yake, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, namba 223,898, kisha ikaanza kuwaburuza mahakamani watengenezaji wengine. Mwaka uliofuata washtakiwa wakamleta Göbel, mzee wa miaka zaidi ya 70, ili kuonyesha kwamba Edison hakuwa wa kwanza. Alidai kwamba tangu miaka ya 1850 alikuwa akiwasha globu zenye uzi wa mwanzi uliochomwa hadi ukawa kaboni. Globu kuukuu zikatolewa kama vielelezo. Majirani wa zamani wakala kiapo kwamba waliziona zikiwaka dukani kwake.

Mimi ni fundi umeme, na hapo ndipo ninapoona ugumu wa kesi ile. Globu haina tarehe. Utaiona chupa, utauona uzi, utaona nyaya zinavyopenya kwenye kioo, lakini haikuambii ilifungwa mwaka gani. Kule Boston jaji Colt hakushawishika, akatoa amri ya zuio dhidi ya washtakiwa wasiendelee kutengeneza globu hizo. Kule St. Louis jaji Hallett akaona shaka inatosha, akakataa kuitoa. Desemba 1893 Göbel akafariki.

Moyo wangu unamtaka ashinde. Lakini mwaka 1865 mzee huyu alisajili hataza ya kifaa cha kupindia nguo kwenye cherehani. Njia ya kwenda kusajili aliijua. Iweje taa, kitu kikubwa kuliko pindo, akae nayo kimya zaidi ya miaka 20? Nimelitafakari swali hilo njia nzima ya kurudi, na kila mara najikuta upande wa Colt.

Labda ni kwa sababu nami niliulizwa ushahidi. Nilipofika, ofisi moja ilitaka uthibitisho wa miaka 11 niliyofanya kazi Tanga. Nilieleza kila kitu kwa mdomo, na faili langu likarudishwa. Niliumia sana, maana kazi ile niliifanya kweli, juani na juu ya ngazi.

Nikampigia mzee aliyenifundisha kazi.

"Shikamoo mzee. Vile vitabu vya risiti bado vipo?"

"Marahaba mwanangu. Vipo kabatini. Mama yako alitaka kuwashia jiko, nikamkatalia."

Vilinifikia vikiwa vimefungwa ndani ya kanga, nakala za kaboni zimefifia lakini zinasomeka. Nilifungua cha kwanza, nikauona mwandiko wangu wa ujana: soketi 3, swichi 2, taa ya barazani, na tarehe juu kulia.