Siku moja na kamera ya majaribio isiyo na namba

Saa 1:00 asubuhi. Naanzia dirishani, kabla sijawasha taa yoyote. Taa ya umeme huipendezesha kamera kuukuu: weusi wake unakolea, michubuko inajificha. Mwanga wa asubuhi hausitiri kitu.

Kamera yenyewe ililetwa jana jioni na mama mmoja mtu mzima, ndani ya mkoba wa ngozi, pamoja na karatasi iliyokunjwa mara nne. Karatasi sijaifungua. Nikishasoma hadithi, macho huanza kuitafutia ushahidi, na kazi yote inaharibika hapo. Ninachojua ni kile alichonieleza mlangoni: marehemu baba yake aliinunua uzeeni, akaambiwa ni Leica, kamera maarufu ya Kijerumani, ya majaribio ya mwaka 1931, yaani kabla ya Leica II yenye kipima umbali kutoka kiwandani mwaka 1932. Haina namba popote. Juu kuna nembo, na chini ya nembo neno moja la Kijerumani lenye maana ya "jaribio".

Saa 2:00. Kabla ya kuigusa kwa zana, najikumbusha uzito wa dai. Mwaka 1923 kampuni ya Ernst Leitz, watengenezaji wa Leica kule Wetzlar, Ujerumani, ilitengeneza kamera kama dazeni mbili za kujaribia wazo la Oskar Barnack, fundi wake aliyeibuni Leica, miaka miwili kabla ya Leica kuonyeshwa kwenye maonyesho ya Leipzig. Mojawapo, namba 105, iliyokuwa ya Barnack mwenyewe, iliuzwa mnadani mwaka 2022 kwa euro milioni 14.4. Fedha za namna hiyo zinaamsha wengi.

Tena walaghai wanapenda kamera isiyo na namba. Yenye namba unaweza kuilinganisha na daftari za kiwanda. Isiyo na namba inajitetea yenyewe: kila kasoro utakayoionyesha, utajibiwa kwamba ndiyo maana ya majaribio. Jibu hilo silikubali. Kasoro ya kamera ya majaribio lazima iwe na sababu ya kifundi. Kamera zile za 1923, kwa mfano, shata yake, yaani pazia linalozuia mwanga usiifikie filamu, ilibaki wazi wakati wa kuvuta filamu, kwa hiyo mpiga picha alilazimika kuifunika lenzi kwanza, ndiyo maana kifuniko kilifungwa kwa uzi kisipotee. Ukiiona kasoro ile unamwona fundi ambaye bado yuko njiani. Kwa hiyo swali langu leo ni hili: fundi wa kamera hii alikuwa anajaribu nini?

Saa 3:00 hadi saa 5:00. Maandishi. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kwingine kote, kioo cha kukuzia jichoni, taa ndogo imelazwa ubavuni ili kila mfereji utupe kivuli chake.

Rangi nyeusi imelika pembeni na kuzunguka kirungu cha kuvutia filamu, shaba ya njano inachungulia. Ni mahali panapostahili kulika, vidole hupita hapo kila siku. Nikafurahi kidogo, nakiri. Kisha nikaufuata mkwaruzo mmoja mrefu unaokatiza neno lile la Kijerumani. Mkwaruzo uliokuja baada ya maandishi huziparuza kingo za herufi: unaingia upande mmoja, unatokea wa pili, na ukingo unabaki na kijidosari. Huu haukufanya hivyo. Unafika kwenye herufi, unakatika, unaendelea ng'ambo, na kingo zote mbili ni kali kama zimechongwa juzi. Maana yake mkwaruzo ulitangulia na herufi ikaja kuukata. Nikautafuta mwingine, na mwingine. Mitano yote inasema hivyo hivyo.

Yaani kamera ilizeeka kwanza, ndipo ikapewa jina.

Hilo peke yake halitoshi. Kamera halali inaweza kuchongwa upya na mtu asiye na busara.

Saa 5:30. Skrubu zote ni za mfereji mmoja. Ingekuwepo hata moja ya msalaba ningeitilia shaka mara moja, maana zilianza kuenea nusu ya pili ya miaka ya 1930. Lakini za mfereji mmoja hazithibitishi lolote, kila kiwanda kilizitumia.

Saa 6:15 mchana. Nafungua lenzi. Ndani, juu kidogo, kuna kijimkono kinachoguswa na mgongo wa lenzi ili kuendesha kipima umbali. Kwenye Leica kijimkono hicho huishia na kigurudumu kidogo kinachobingirika. Hiki kinaishia na kipande bapa kilichochongoka, hakina gurudumu. Nikaiteremsha kutoka rafuni FED yangu ya kufundishia, kamera ya Kisovieti, na kuziweka pamoja. Ni pacha. Hata ukosi unaokizunguka kitufe cha kupigia picha ni uleule.

FED zilitengenezwa Kharkiv, Ukraine, kuanzia 1934, kwa kuiga Leica II. Kamera za Zorki, nazo za Kisovieti, zikafuata kutoka Krasnogorsk, Urusi, mwaka 1948. Je, haiwezekani Wetzlar nao walijaribu kijimkono cha namna hii? Kingekuwa peke yake ningesita. Lakini sehemu zote ngeni za kamera hii zina kwao, na kwao ni kiwanda ambacho mwaka 1931 kilikuwa bado hakijaunda kamera hata moja.

Saa 8:00. Sasa karatasi. Ni barua fupi ya uthibitisho, tarehe 1931, wino umefifia vizuri. Nikazima taa na kuimulika kwa tochi ya urujuanimno. Ikawaka nyeupe ya kibuluu, kama shati lililofuliwa kwa sabuni ya kung'arisha. Kemikali zinazowaka hivyo zilianza kutiwa kwenye karatasi baada ya Vita Kuu ya Pili.

Saa 10:00 jioni. Mama amerudi. Sikumzungusha.

"Mama, si ya Wetzlar. Ni ya Kisovieti, ikabadilishwa baadaye ili iuzwe."

Alikaa kimya. "Kwa hiyo baba alidanganywa."

"Alidanganywa, mama. Na aliyefanya hivi alijua anachofanya."

Akaishika, akaigeuzageuza. "Lakini picha za wajukuu alisema alipiga kwa hii. Au na hilo si kweli?"

Nikamweleza kwamba hilo linapimika. Kila kamera ya aina hii ina dirisha la chuma linaloipa picha mipaka yake, milimita 24 kwa 36, na kingo za dirisha hilo zina vijinundu na mapengo madogo ambayo hujichora pembezoni mwa kila negativu. Hili lina pengo kwenye kona ya chini kushoto, nililiona mchana.

"Negativu unazo?"

"Ziko kwenye bahasha, zote."

Saa 11:30. Nimeandika ripoti, kurasa mbili, picha za mikwaruzo mitano zimeambatanishwa. Kamera sijaifungasha. Kesho saa 3:00 anakuja na bahasha.