Siku moja maishani mwangu: matunguu 700 na ardhi iliyoganda

Saa 12:30 asubuhi

Bado giza. Kabla sijafunga kamba za viatu nafungua mlango na kuuchoma udongo kwa kidole. Kidole kinagoma. Jalidi imeshika.

Leo ni Desemba 18, na ghalani kuna maboksi manne ya matunguu ya maua, yale mfano wa vitunguu ambayo ua huota kutoka ndani yake, yaliyopaswa kuwa ardhini tangu vuli, kabla ya majira ya baridi. Kosa ni langu, nilikiri mapema tulimalize. Mimi ndiye mtunza bustani, mimi ndiye niliyeyapokea, na mimi ndiye niliyekuwa nasema "wiki ijayo" tangu Oktoba. Hesabu, kwa aina ya ua: krokasi 200, dafodili 120, tulipu 350, hayasinthi 30.

Saa 2:00 asubuhi

Jua ndiyo kwanza linachungulia. Kijana ninayefanya naye kazi amefika, mikono kwapani. Anayatazama maboksi, ananitazama mimi.

"Dada, si tuyaache tu hadi mwakani?"

Si swali la kijinga. Mbegu kavu unaweza kuiweka miaka na ikaota. Tunguu ni kama kitunguu cha jikoni: liko hai, linapumua, linakula akiba yake lenyewe na kupoteza maji kila siku. Likikaa ndani ya boksi mpaka vuli ijayo utakuta maganda na vumbi. Ni leo au ni jalalani.

Tunayamwaga mezani kuyachambua. Sheria yangu ni kidole gumba: bonyeza. Gumu, linabaki. Likibonyea kama tunda lililoiva mno, linatoka. Ukungu wa rangi ya bluu juu ya ganda haunitishi. Naufuta kwa kitambaa, na kama chini yake ni kugumu, tunguu ni zima. Ninachokiogopa ni kitako, pale mizizi inapotokea. Dafodili kumi na sita zina kitako laini cha kahawia, na hizo haziendi hata kwenye lundo la mboji, kwa sababu ugonjwa wa kuoza unabaki kwenye udongo ukisubiri wengine.

Ndipo nikainua macho. Kwenye rafu, juu kabisa ya boksi la tulipu, mtu ameweka kreti la matufaha.

Saa 2:40 asubuhi

Nimekaa kimya kidogo hapa.

Tufaha linaloiva hutoa gesi ya ethilini. Pua ya mtu haihisi chochote, lakini tunguu la tulipu linaihisi. Ua la mwaka ujao tayari limo ndani, limeumbika kabla hata hujalinunua, na ethilini inaweza kulikausha humohumo. Ubaya wake ni kwamba kwa nje huoni kitu. Tunguu linabaki gumu na zuri, unalipanda, linatoa majani mazuri, na ua hakuna.

Hakuna namna ya kujua bila kupasua. Nachagua tulipu tatu, mbili za juu karibu na matufaha na moja ya chini kabisa, nazikata wima katikati kwa kisu. Kijana anainama. Hajawahi kuona. Katikati ya tabaka nyeupe kuna chipukizi la manjano-kijani, na ndani ya chipukizi kuna ua dogo kuliko punje ya mchele: petali zake zimefungana, ukitumia kioo cha kukuzia utahesabu hata stameni, vile vijiti vya chavua, sita.

La chini ni zima. La pili zima. La tatu, lililokuwa juu kabisa, chipukizi lake limesinyaa na lina ncha ya kahawia.

"Kwa hiyo yote ya juu yamekufa?"

Hatujui. Tunayatenga yale ya tabaka la juu, kama hamsini hivi, yapandwe peke yake. Kreti la matufaha tunalitoa nje. Nani aliliweka, sikuuliza. Ningeuliza, naye angeuliza maboksi yenyewe yalikuwa yanafanya nini pale mwezi Desemba.

Saa 3:15 asubuhi

Kijana ameshabeba boksi la tulipu kwenye toroli. Namrudisha.

Karibu kila anayechelewa huanza na tulipu, kwa sababu ndizo alizolipia kwa furaha. Mimi nafanya kinyume. Krokasi kwanza, kwa sababu ni ndogo na hukauka upesi zaidi ya zote. Kisha dafodili, ambazo hupenda kuanza mizizi mapema, udongo ukiwa bado na joto kidogo. Zimeshapoteza miezi miwili na zitatoa maua machache. Tulipu ndiyo isiyojali sana kuchelewa. Wapo wakulima wanaoipanda Novemba kwa makusudi, kwa kuwa baridi hupunguza nguvu ya ule ugonjwa wa kuvu unaounguza majani yake. Kwa tulipu mwezi uliopita ulikuwa wakati wenyewe, na leo tumepitiliza kidogo tu.

Saa 3:30 hadi saa 6:00

Krokasi zinaenda chini ya mti mkubwa, mahali ambapo hatukuyafagia majani. Kuna waliolalamikia uvivu huo. Leo unatulipa: tunasukuma majani kando, na udongo chini yake ni laini kabisa, hata mvuke unatoka. Kina cha sentimita nane mpaka kumi, nne nne, tano tano, bila mstari. Krokasi kwa kweli si tunguu halisi. Ukiipasua huoni matabaka, ni bonge moja la wanga kama kiazi. Panya wanalijua hilo vizuri kuliko mimi, kwa hiyo juu yake tunalaza wavu wa waya wenye matundu ya kupitisha majani, kisha tunarudisha majani ya mti.

Dafodili hazihitaji wavu. Zina sumu, na panya hawazigusi.

Upande wa dafodili ardhi imeganda, na kijana anaipiga kwa sepetu kama anayevunja mlango. Namwambia apumzishe mgongo. Ukoko uliogandana ni wa sentimita tatu au nne tu. Unachomeka jembe la uma, unaegemea mpini, bamba linainuka zima kama kifuniko, na chini kuna udongo wa kawaida. Tunaweka mabamba pembeni. Matunguu yanakaa kwenye kina cha sentimita 15, ncha juu, yanafunikwa kwanza kwa udongo laini, na mabamba yanarudi mwisho kabisa. Ukiyarudisha yakiwa yamegusana na tunguu, yataacha mianya ya hewa na maji, na tunguu litaganda au kuoza.

Mengine yalikuwa yameanza kutoa mizizi ndani ya boksi, vijinyuzi vyeupe kuzunguka kitako. Hayo nayashika kama mayai. Mzizi wa dafodili ukikatika hauoti tena kutoka pale ulipokatikia.

Saa 6:00 mchana

Mapumziko. Hakuna la kusimulia, tumekaa karibu na hita tukiwa kimya.

Saa 7:00 mchana

Jua limefika kwenye kitalu cha tulipu na ukoko umelegea. Kuchimba shimo moja moja kwa matunguu mia tatu kabla ya giza haiwezekani, kwa hiyo tunachimba handaki: upana wa mita moja, kina cha sentimita 20, udongo wote pembeni. Chini kuna unyevu lakini maji hayatuami. Yangetuama ningesimamisha kazi. Tulipu huvumilia baridi kali lakini haivumilii kukaa na miguu majini.

Kisha ni kupanga tu, nafasi ya sentimita kumi na zaidi kidogo, kijana upande wake na mimi upande wangu.

"Yatachipua kweli, Dada?"

Tulipu inadai wiki 12 mpaka 16 za baridi ili shina la ua lirefuke. Nahesabu kwa sauti: wiki 14 kutoka leo ni Machi 26. Baridi ya kutosha itapatikana, shaka yangu iko kwenye mizizi, ambayo itaanza kukua katika udongo wa baridi mno na kwa mwendo wa kinyonga. Tulipu hizi zitachanua baada ya wenzao wote, pengine Mei, na mashina yatakuwa mafupi. Mimi mashina mafupi siyachukii. Upepo hauyavunji.

Yale hamsini ya tabaka la juu tunayapanda mwishoni mwa handaki na kuchomeka kijiti.

Saa 9:20 alasiri

Kijana anavua glavu moja ili ashike hayasinthi vizuri. Dakika mbili baadaye anajikuna mpaka kwenye kiwiko. Ganda la hayasinthi lina fuwele ndogo zenye ncha kama sindano, na nilisahau kumwambia. Anaosha mikono, ananilaani kimoyomoyo, naona. Hayasinthi namalizia mimi, kwenye vyungu vinne pamoja na tulipu thelathini zilizokosa nafasi. Vyungu navisogeza kwenye ukuta wa nyumba na kuvizungushia magunia, maana udongo wa chungu huganda kutoka kila upande, sio juu tu.

Saa 10:00 jioni

Giza linaingia. Tunatandaza majani makavu juu ya handaki kama matandazo, tunafuta udongo kwenye majembe, tunafunga ghala. Ghalani bado kunanukia matufaha.

Saa 2:00 usiku

Daftari. Naandika kama ilivyo, bila kurudisha tarehe nyuma:

Desemba 18. Yamepandwa 659, yametupwa 41, matatu kati ya hayo kwa kisu changu. Machi 26: chimbua tulipu moja kwenye kijiti, pasua, tazama ua. Glavu mpya, jozi mbili. Matufaha: tafuta rafu nyingine.