Tamthilia ya saa moja, mubashara: somo kutoka Studio One

Mjadala wa tamthilia za runinga hapa Dar huanzia kwenye bajeti na aina ya kamera. Kwa kundi lolote la Sinza au Mwananyamala linalotaka kurusha igizo mubashara mtandaoni, ningeshauri lianzie kwenye Studio One, mfululizo wa maigizo wa CBS, kituo cha runinga cha Marekani, ulioanza New York mwaka 1948 na kufungwa 1958. Kila wiki kisa kipya, wahusika wapya, na saa ikiisha kisa nacho kimeisha. Hakuna kurekodi kwanza na kukata baadaye: anayesahau mstari anausahau mbele ya nchi nzima.

Ndiyo maana visa vilivyofana vilikuwa vya chumba kimoja au viwili. Twelve Angry Men ya Reginald Rose, iliyorushwa 20 Septemba 1954, inawafungia raia 12 ndani ya chumba kimoja wanapoamua kesi ya kijana anayeshtakiwa kwa mauaji, na hawawezi kutoka mpaka wote wakubaliane. Hakuna kubadili nguo, hakuna kukimbia seti ya pili. Mvutano wote unatoka kwenye nyuso, na nyuso ndizo zilizofaa kioo kidogo cha wakati ule.

Kamera zenyewe zilikuwa mzigo. Kila moja ilikaa juu ya kigari, ikiburuta waya mnene, na mbele ilikuwa na sahani inayozunguka yenye lenzi nne. Opereta aligeuza mpini ulio nyuma ya kamera ili lenzi nyingine ikae mahali pake. Akigeuza wakati kamera yake iko hewani, mtazamaji anaona picha ikiyumba na kupotea. Kwa hiyo mwongozaji alipaswa kuhamia kamera ya 2 kwanza, ampe wa kamera ya 1 sekunde chache za kubadili lenzi na kusogea, kisha arudi kwake. Yote haya yaliandikwa pembeni mwa skripti kabla ya siku yenyewe: namba ya shoti, namba ya kamera, lenzi, na neno ambalo mwigizaji akilitamka tu, picha inabadilika.

Nyaya ziliharibu mengi. Kamera ya 1 ikipita nyuma ya kamera ya 3, nyaya zinasokotana na mojawapo inakwama katikati ya onyesho. Chora ramani ya sakafu, panga kamera kwa mfuatano kutoka kushoto kwenda kulia, na usiruhusu yoyote ivuke njia ya mwenzake. Hata ukitumia simu zisizo na waya fuata utaratibu huo, maana opereta anayevuka ataingia kwenye picha ya mwenzake.

Muda nao una ufundi wake. Mwigizaji akitoka na shati na anatakiwa arudi na koti, mwandishi lazima ampe nafasi: mwenzake anabaki akiongea kwa simu, au kamera inakaza macho kwenye barua mezani. Sekunde 30 zinatosha kama koti linashikiliwa na mtu nje ya mlango. Karibu na mwisho weka mistari ya akiba, yaani maneno yanayoweza kurukwa bila kisa kuvunjika. Yawekee alama, na msimamizi wa sakafu awe na ishara moja tu ya mkono ya kusema "ruka". Usiyaweke kwenye kilele, kwa sababu hapo mwigizaji hana nafasi ya kutazama pembeni.

Kuhifadhi kulikuwa kugumu kuliko kucheza. Kabla ya mkanda wa video wa kampuni ya Ampex mwaka 1956, njia ilikuwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha runinga. Runinga ya Marekani ilitoa fremu (picha) 30 kwa sekunde, kila moja ikichorwa kwa nusu-picha mbili, filamu ikapita na 24. Kila fremu ya filamu ilipata muda wa nusu-picha mbili na nusu za runinga: mbili zikapigwa, ile nusu ikapotea filamu ikivutwa chini. Kifunga-lenzi (shutter) kikikosea kidogo, mstari mweusi au mweupe unakatiza picha.

Mistari kama hiyo ndiyo unayoiona ukirekodi na simu chini ya taa zetu. Umeme wetu ni hezi 50, hivyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Weka simu fremu 25 na kasi ya kifunga-lenzi 1/50. Ukiiacha ijichagulie 1/60, mistari itatambaa ukutani. Paa la mabati nalo lihesabu: mvua za masika zikianza, maiki iliyo mbali na mdomo haitasikia chochote, kwa hiyo kila mwigizaji avae maiki yake.

Na usitegemee urushaji wa mtandaoni kuwa ndiyo kumbukumbu. Kila simu irekodi kwenye kadi yake, na sauti irekodiwe kando. Kwa Twelve Angry Men ile ya runinga, kwa miaka mingi ilijulikana kubaki nusu ya kwanza tu. Nakala kamili ilipatikana mwaka 2003.