Unga wa ngano

Nyumba yetu ya kwanza tuliipata kwa maneno nusu. Mwenye nyumba alipokea kodi ya miezi sita, akazihesabu noti mara mbili, ndipo akauliza jumuiya yetu inashughulika na nini. "Vijana," nikamjibu. Jumuiya yenyewe ilikuwa watu watatu tulioacha unga, yaani heroini, magodoro sita na sufuria moja kubwa la kuazima.

Hapa Unguja nyumba za upataji nafuu, wengi wanaziita soba, zilianza mwaka 2009 kwa mafunzo ya wenzetu wa Detroit, Marekani. Mimi mwenyewe nilipatia nafuu humo, kwa hiyo kazi ya ndani niliijua. Anayekuja anaanzia chumba cha arosto: wiki nzima ya kutapika, kuharisha, mifupa kuuma na macho kutofumba. Tunamkanda kwa maji moto, tunamlazimisha uji. Akishavuka hapo anaingia kwenye mikutano, mafunzo ya hatua 12 za kuacha ulevi, zamu ya kufagia na kupika. Miezi minne. Siku ya kutoka tunamwombea dua, mama yake analia, anarudi kwao.

Mwaka wa kwanza na wa pili nilihesabu maendeleo kwa vitanda. Sita vikawa kumi na viwili, vikawa ishirini, nikajiona mwanamume.

Kisha akatoka fundi rangi mmoja, kijana mcheshi, na wiki tatu hazikutimia akafa. Hakuzidisha kitu. Alijidunga kipimo chake kilekile cha zamani, ila mwili uliokaa miezi minne bila unga haukibebi tena kipimo hicho. Hilo nililijua, nimelifundisha mara ngapi ubaoni! Lakini kwao ni nyumba ya tatu kutoka maskani ya mateja, na mimi ndiye niliyempakia kwenye daladala. Mazikoni mjomba wake alinishika mkono akasema, "Mwanangu, mlimtoa kisimani, mkamkausha vizuri, mkamkalisha ukingoni."

Nikapunguza vitanda hadi kumi na viwili. Wenzangu walinuna. Fedha iliyobaki nilitaka tukodi nyumba ya pili, ya watu wanane waliomaliza, wakae hata mwaka huku wakitafuta kazi, kila mmoja akichangia kodi kidogo. Mfadhili mmoja, simtaji, aliiona hesabu hiyo ghali: yeye alitaka idadi ya "waliofikiwa", na wanane hawajazi ukurasa wa ripoti.

Ili tupate kodi wenyewe, tukaingia kwenye mikate. Mmoja wetu aliwahi kufanya kazi kwenye tanuri kabla hajaharibikiwa, akatufundisha kuoka boflo. Usiku tunakanda, alfajiri tunasambaza madukani kwa baiskeli. Dhihaka hazikukosekana. Kila nikibeba mfuko dukani kuna mtu wa kupaza sauti, "Jamaa kanunua unga tena!" Siku ya kwanza iliniuma, sasa namjibu kwamba huu una hamira.

Jambo lililonichukua muda zaidi kulikubali ni methadoni, dawa ya kunywa inayozuia arosto. Sisi wa hatua 12 tulikuwa wakali: anayekunywa dawa hajaacha, basi. Kliniki ilipofunguliwa Kidongo Chekundu mwaka 2015 niliwazuia watu wangu wasiende. Nilikosea. Niliwaona mateja waliotumia unga kwa miaka kumi na mitano, walioingia soba na kutoka mara nne, wakiamka asubuhi, wakinywa dozi yao mbele ya muuguzi na kwenda kazini. Walichokosa ni pa kulala. Kwa hiyo nyumba ya pili niliitafuta kwenye njia ya daladala inayofika kliniki, maana dozi ni ya kila siku, na mtu asiye na nauli ataikosa.

Safari hii sikuficha kitu. Nilikwenda kwa sheha, kiongozi wa mtaa, kwanza, nikaeleza yote, akanizungusha kwa wenye nyumba watano. Wanne walikataa, mmoja hata kahawa hakunimalizisha. Wa tano alikuwa bibi mjane. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia sisi ni nani na wanaokuja kukaa ni nani. Akanitazama kitambo.

"Mlango wangu wa uani umeibwa mara mbili, na walioiba ni mateja. Bora niwe nao ndani, niwajue kwa majina."

Mlango wa tatu waliutengeneza wao. Kodi tunamlipa kila mwezi, sehemu yake kwa mikate, na usiku akisikia kelele hutoka na fimbo.

Mwezi uliopita aliniita barazani. "Mwanangu, wavulana nawaona. Wasichana wanaovuta mnawaweka wapi?" Sikuwa na jibu. Wawili walikwisha kuja langoni kwetu, nikawarudisha kwa sababu nyumba zote mbili ni za wanaume. Ana vyumba viwili upande wake, vilikuwa vya kuwekea kuni. Wiki hii tunavipiga chokaa.