Kiuno cha jiko

Jumapili jioni. Leo fikra zangu zimeganda kwenye kiuno cha jiko la udongo, lile jiko la makaa lililobanwa katikati kama ngoma. Wengi hudhani ni urembo wa fundi tu. Kwangu mimi, hapo ndipo ubunifu wote ulipo.

Wazo lilitoka Thailand. Jiko la huko ni ndoo ya bati iliyojazwa udongo wa kuchoma toka juu hadi chini, na majivu ya pumba za mpunga huwekwa kati ya udongo na bati ili joto lisitoroke. Umbo hilo lilipojaribiwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, jiko lilikuwa zito na udongo ukipasuka. Bati likishika moto hutanuka karibu mara mbili ya udongo uliochomwa, kisha hujikunja likipoa. Kwenye ndoo iliyonyooka, udongo hubaki umelegea, na kila jiko likihamishwa hutikisika hadi ufa utokee.

Kiuno kilitatua hilo. Bati likabanwa katikati, udongo ukafanywa bakuli la nusu ya juu tu, likakalia mteremko wa bati hilo. Bati litanuke lisitanuke, bakuli haliwezi kudondoka. Nusu ya chini ikaachwa tupu kwa ajili ya jivu na hewa, jiko likawa jepesi. Tena kitako kipana hakiyumbi mtu anaposonga ugali kwa nguvu zake zote. Mafundi wa jua kali, wale wa karakana ndogo za mitaani, wa Shauri Moyo, Nairobi, waliweza kulikunja kwa nyundo na mabati chakavu, bila mashine. Napenda sana urembo wa namna hii, usioongezwa juu ya kazi kama rangi.

Umbo hilo hugusa pia mkono wa mpishi. Jiko la bati tupu hupoteza joto ubavuni, naye hujibu kwa kuongeza makaa. Bakuli dogo la udongo hushika joto na halipokei makaa mengi, basi matumizi hupungua bila mtu kuhubiriwa. Mlango wa hewa ndio unaodai tabia mpya: uwe wazi wakati wa kuwasha, ufungwe karibu wote makaa yakikolea. Ukiachwa wazi saa zote, makaa huteketea upesi na faida yote huyeyuka. Na ufungwe usifungwe, gesi ya sumu isiyoonekana ipo palepale. Jiko la makaa halikai chumba kisicho na hewa.

Makosa ya utengenezaji yanajulikana. Matundu ya chujio, yaani kitako cha bakuli kinachobeba makaa, yawe na upana wa kidole hivi: yakiwa madogo jivu huyaziba, yakiwa makubwa vipande vya makaa huanguka kabla ya kuungua. Bakuli likiingia tanurini na unyevu, maji hugeuka mvuke na kulipasua. Likauke kivulini, pengine wiki nzima msimu wa mvua. Kati ya bakuli na bati hujazwa saruji iliyochanganywa na vemikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto. Saruji tupu hupitisha joto na haitoi nafasi ya kutanuka.

Nyumbani, kinachoua bakuli zaidi ni maji ya kuzimia makaa. Bahati nzuri bati hubaki zima, na bakuli jipya huuzwa peke yake. Kabla ya kulipa, ligonge kwa kifundo cha kidole: likilia kama kengele limeiva, likitoa sauti ya kufifia lina ufa.