Desemba inakaribia: kutengwa na kurudi kundini

Kila mwaka Novemba ikianza kukatika, wachungaji wa Machame, Marangu na Old Moshi, huku Kilimanjaro, hupokea simu za aina moja. Mtu yuko Dar es Salaam au Mwanza, anapanda nyumbani kwa Krismasi, na anaomba mtoto abatizwe siku zile zile ukoo mzima upo. Mahari ilishatoka, mbege, pombe yetu ya ndizi, ilishanyweka, wazee wa pande mbili walishakubaliana, ila ndoa haijabarikiwa. Anajibiwa kwamba yeye na mama mtoto wametengwa. Hajui walitengwa lini, kwa kikao gani, wala nani aliwahi kuja kuwaonya. Na mara nyingi hata usharika wenyewe haujui.

Hapo ndipo pa kuanzia. Marudi ya kanisa, yaani nidhamu ya kumrekebisha mkosaji, yana ngazi, na kila ngazi ina kazi yake. Sisi tumezoea kuruka hadi ngazi ya juu kabisa, kisha tunasahau kuacha njia ya kushukia.

Kwanza tutenganishe maana. Neno "ametengwa" limebebeshwa mizigo mitatu. Kuna kuzuiliwa Meza ya Bwana kwa muda. Kuna kufutwa katika orodha ya washirika. Halafu kuna kususwa: watu hawakusalimii, hawaji kwako msibani, mke wako anahamishwa benchi kwenye kwaya. Kwa Walutheri, marudi ni lile la kwanza. Makala za Smalkald, ambazo Luther aliziandika na ambazo zimo katika maungamo ya kanisa hilo tangu zama za Matengenezo, zinasema wazi: mwenye dhambi ya wazi na mkaidi azuiliwe sakramenti na ushirika wa kanisa mpaka atubu, na wahubiri wasichanganye adhabu hiyo ya kiroho na adhabu za kiserikali. Aliyeyaandika hayo mwaka 1537 alikuwa yeye mwenyewe ametengwa na Roma tangu tarehe 3 Januari 1521, kwa hiyo alijua adhabu hii ikitumika vibaya inavyouma.

Kwa Wakatoliki tofauti ni kubwa zaidi, na watu wengi wa parokia zetu hawaijui. Mtu aliyeachana na mwenzake wa ndoa ya kanisa akaoa au kuolewa tena haruhusiwi kupokea komunyo akiendelea na maisha hayo, lakini hajatengwa na Kanisa. Anakaribishwa Misa, jumuiya, sala, malezi ya watoto. Kutengwa hasa ni adhabu ya sheria, kwa makosa yaliyotajwa, na pale adhabu ya namna hiyo inapotolewa na kiongozi, Kanuni ya 1347 ya Sheria ya Kanisa Katoliki inataka mkosaji awe ameonywa walau mara moja na kupewa muda wa kutosha wa kujirudi. Katekista anayemwambia mama wa jumuiya "wewe umetengwa" kwa sababu tu mumewe hajataka kubariki ndoa anamdhulumu mama huyo.

Wasabato, ambao wako wengi Arusha na kule Upareni, wana kanuni iliyonyooka kuliko zote. Karipio lina muda maalumu, si chini ya mwezi 1 wala si zaidi ya miezi 12. Kumwondoa mtu katika ushirika hakufanywi na mchungaji wala baraza peke yake. Washiriki wenyewe hupiga kura katika mkutano ulioitishwa rasmi. Na mtu haondolewi kwa sababu ya pesa. Ningependa hilo la mwisho libandikwe kwenye kila ofisi ya usharika. Kushindwa kumaliza ahadi ya jengo si dhambi ya wazi na ya ukaidi. Bahasha tupu inaweza kuwa ada ya shule ya Januari, kahawa iliyokosa bei, au mgonjwa hospitalini. Mzee wa mtaa anayesema "hatutakuzikia mpaka umalize ahadi" hana andiko hata moja la kusimamia.

Sasa ngazi zenyewe. Mathayo 18:15-17 kila mtu anaikumbuka, ila kwa vitendo tunaivunja mwanzoni kabisa, pale penye "wewe na yeye peke yenu". Ngazi ya kwanza ni mtu mmoja. Si mtu mmoja aliyekwisha kumwambia mkewe, mwenyekiti wa jumuiya na kundi la WhatsApp la kwaya. Nenda kwake, usimwite ofisini, kwa sababu anayeitwa ofisini anajua tayari amehukumiwa. Usiende siku ya soko wala jioni wageni wapo. Taja jambo moja, ulilolijua kwa uhakika, na uulize kabla ya kushtaki: "Nimesikia hivi, ni kweli?" Kisha nyamaza. Robo tatu ya kazi ya ziara hiyo ni kusikiliza. Akikiri na kubadilika, jambo limekwisha pale pale, halipandi hata kwa mchungaji. Ndiyo maana ya "umempata nduguyo".

Ngazi ya pili ni mashahidi wawili au watatu. Kazi yao imepotoshwa sana. Hawaji kuongeza nguvu ili mtu aogope. Msingi wake ni Kumbukumbu 19:15: neno lithibitike. Kwa hiyo wao wanachunguza pande zote mbili, na wanaweza kabisa kuona kwamba mshtaki ndiye mkosaji. Chagua watu ambao mkosaji anawaheshimu, asiwepo ndugu wa mshtaki, na kama mkosaji ni mwanamke awepo mwanamke mwenzake. Wape wiki kadhaa kati ya ziara na ziara. Moyo wa mtu haugeuki kwa ratiba ya kikao.

Ngazi hii ya mmoja kwa mmoja ina mpaka, na anayeuvuka kwa jina la Biblia anaweza kusababisha mauti. Mke anayepigwa asiambiwe aende kwanza kumwonya mumewe peke yake. Mtoto aliyeharibiwa asikalishwe na aliyemharibu mbele ya wazee "wayamalize". Hiyo ni jinai. Inakwenda polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, siku hiyo hiyo. Kanisa litafanya marudi yake baadaye, na baraza halina mamlaka ya kusamehe kwa niaba ya Jamhuri.

Ngazi ya tatu ni baraza la wazee, na hapo kinachoharibu mambo ni muhtasari. Ukifungua vitabu vya sharika nyingi utakuta mstari mmoja tu: "Fulani ametengwa kwa uzinzi." Hautoshi, tena una hatari. Muhtasari mzuri unataja tarehe za ziara, waliokwenda, alichojibu mwenyewe, azimio ni lipi hasa (Meza ya Bwana tu, au na uongozi pia), nani amepewa jukumu la kuendelea kumtembelea, na lini baraza litalitazama tena. Undani wa dhambi usiandikwe. Barua apelekewe mkononi na mzee wa mtaa wake, katika bahasha iliyofungwa, kabla hajasikia chochote kwenye matangazo ya Jumapili. Mtu akisikia jina lake kutoka mimbarini kwa mara ya kwanza, kesho yake anahamia kanisa lingine, na haki yake.

Kuna dhuluma moja ambayo haivumiliki. Binti akipata mimba, tumbo linamshtaki mbele ya usharika wote. Anatolewa kwaya, anazuiliwa Meza. Kijana aliyempa mimba anaendelea kupiga kinanda. Baraza lenye haki haliamui shauri la mmoja likaacha la mwenzake. Liyasikilize pamoja, na kama kijana anakana, wazee wafanye kazi ya kuchunguza badala ya kumwadhibu yule ambaye mwili wake haukuweza kuficha. Na binti akiwa chini ya miaka 18, soma tena aya ya polisi hapo juu.

Vilevile kwa viongozi. 1 Timotheo 5:19-20 inamlinda mzee dhidi ya mashtaka ya mtu mmoja, na papo hapo inaagiza wadumuo kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote. Mtaani tumeshika nusu ya kwanza tu. Mkulima anazuiliwa Meza wiki ile ile. Mzee wa kanisa au mchungaji anapewa uhamisho.

Tuje kwenye kususa, maana ndipo palipo na ubishi. 1 Wakorintho 5:11 inasema mtu wa namna hii msikubali hata kula naye. Wapo wanaosoma kuwa ni meza ya ushirika, wapo wanaosoma kuwa ni hata ugali wa nyumbani. Wamenoni, Wakristo wa tapo la Waanabaptisti, ndio waliolichukulia jambo hili kwa uzito kuliko wengine. Ungamo lao la Dordrecht la mwaka 1632, makala ya 17, linaagiza kumwepuka aliyetengwa, lakini linaweka kiasi: akiwa na njaa alishwe, akiwa na kiu anyweshwe, akiwa mgonjwa asaidiwe, maana kuepukwa kwake ni kwa kumponya, si kwa kumwangamiza. Mwaka 1693 Jakob Ammann akataka ukali zaidi, na wafuasi wake wakajitenga. Ndio Waamishi wa leo. Paulo mwenyewe kwa Wathesalonike anaagiza msizungumze naye apate kutahayari, na mstari unaofuata anasema msimhesabu kuwa adui, bali mwonyeni kama ndugu. Utamwonyaje mtu usiyemsalimia?

Kwa mazingira yetu nionavyo mimi: asipewe kuongoza sala, asisimamie harusi ya kanisa, asishiriki Meza. Lakini akifiwa, nendeni. Mama yake akiugua, pelekeni maziwa. Chakula cha msibani mleni pamoja naye, mkiwa mmekaa kwenye viti vile vile vya kukodi.

Na sasa kurudi, ambako ndiko tulikolegea kuliko kote. Mtu yule wa Korintho ambaye Paulo aliagiza atengwe katika 1 Wakorintho 5, au mwingine aliyepewa adhabu kama yake, anatajwa tena katika 2 Wakorintho 2: adhabu yamtosha, mumsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni. Neno "yamtosha" lina maana kwamba adhabu ina kipimo. Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, uliweka miaka 12 kwa walioikana imani bila kulazimishwa, kwa hatua za toba: 3 kati ya wasikilizaji, 7 kati ya wapiga magoti, 2 katika sala bila kushiriki sadaka. Ni mirefu sana kwetu, lakini tazama ulinzi ambao mtaguso huo uliuweka. Kanuni ya 5 inaagiza maaskofu wa jimbo wakutane mara 2 kwa mwaka kuchunguza kama kuna aliyetengwa kwa hila au chuki ya askofu wake. Kanuni ya 13 inakataza kumnyima Komunyo anayekufa. Sharika ngapi za hapa zinafungua kitabu cha waliotengwa hata mara 1 kwa mwaka?

Anayetaka kurudi asisubiri tarehe 23 Desemba. Aende kwa mzee wa mtaa wake mapema, hata kwa simu, walau mwezi mmoja kabla. Mzee ampeleke kwa mwinjilisti au mchungaji, wafanye mazungumzo na mafundisho, na kama kikwazo ni ndoa, matangazo ya ndoa yaanze kuhesabiwa. Katika ibada asiulizwe kusimulia alichofanya. Aulizwe kama anatubu na kama anataka kuishi katika ushirika, ajibu ndiyo, aombewe. Mchaga anayepelekewa jani la sale, jani la kuombea msamaha, na mkosaji wake hamfukuzi aliyelileta, hata moyo ukiwa bado una donge. Usharika nao upokee hivyo hivyo: apewe mkono, akae na watu, ashiriki Meza Jumapili hiyo hiyo kama ipo.

Kisha Jumatatu karani afungue kitabu, aandike mbele ya jina lile "amerudi" na tarehe. Mstari huo ukisahaulika, siku atakapoomba barua ya kuhamia usharika wa Arusha itasomeka bado ametengwa.